Saa Kumi na Tisa na Dakika Arobaini

Minokura, 3 Aprili 2023

Kwako Chizuru, mdogo wangu,

Kwa heshima na taadhima, mimi Morihiko Tsuboi, mstaafu wa ofisi ya ratiba za treni na mwenyekiti wa mtaa (kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka uenyekiti), natangaza kwamba kipaza sauti cha mtaa, kile kinachopiga wimbo wa saa kumi na moja jioni wa kuwarudisha watoto nyumbani, kimekuwa kikichelewa kwa sekunde arobaini tangu Jumanne ya wiki jana. Hakuna aliyejeruhiwa. Watoto wenyewe katika mtaa huu wamebaki wawili, na mmoja tayari ana ndevu. Kikao kimeitishwa, chai imenywewa, na imeazimiwa kwamba mtaa mzima utachelewa kwa sekunde arobaini mpaka fundi apatikane.

Wifi yako Setsuko amechungulia begani kwangu, anasema nianze kwa salamu kama watu waliolelewa. Haya. Hujambo? Shemeji Veikko hajambo? Sisi wazima. Mama hajambo, anakula.

Sasa nije kwenye jambo lililonipandisha damu.

Unajua kazi niliyoifanya miaka thelathini na minne. Karatasi ndefu kama kanga mbili, stesheni zimepangwa kutoka juu kwenda chini, saa zimepangwa kutoka kushoto kwenda kulia, na kila treni ni mstari mmoja. Mstari ukisimama, treni inakimbia. Ukilala, treni inajikokota. Siku moja ningempelekea bosi wangu karatasi ambayo stesheni hazijasogea hata hatua moja, treni ni ileile, na mstari umelala kwa saa tatu na nusu zaidi, angenishika mkono taratibu na kunipeleka kupimwa macho.

Basi nimeulizia, kwa sababu zangu, safari ya ndege kutoka Helsinki hadi Osaka. Umbali kwenye ramani ni kilomita elfu saba mia saba na kitu, vilevile kama ulivyokuwa siku unaolewa. Muda: zamani saa tisa na nusu, leo saa kumi na tatu. Nikamwambia yule binti wa kwenye simu arudie. Akarudia. Nikamwambia anipe mkubwa wake. Mkubwa wake akarudia. Wanayasema hayo kwa sauti tamu, kama wanakupa zawadi.

Huenda umesahau, kwa hiyo nikukumbushe. Mwaka 2001 ulipotaka kuolewa na mtu wa mbali, Mama alisema ataridhia kwa sharti moja tu: siku akiitwa mtoto wake, mtoto afike ndani ya siku moja, mchana mmoja na usiku mmoja. Ni mimi niliyechora ile ratiba. Dakika kumi na nane za kufunga mkoba na kulia kidogo. Saa mbili na nusu za basi kutoka Tampere hadi uwanjani. Saa mbili za foleni. Saa tisa na nusu angani. Saa moja ya kukaguliwa. Saa nne na dakika kumi za treni mpaka hapa Minokura, na dakika kumi na mbili za miguu kutoka stesheni. Jumla saa kumi na tisa na dakika arobaini. Mama aliusoma mchoro wote kwa kidole, akaupiga muhuri wake mwekundu kama anasaini mkataba wa shamba, nawe ukaolewa.

Leo nimechora upya. Ndege inatua saa moja jioni. Ukikimbia vizuri unafika Okayama saa nne na dakika ishirini usiku. Treni ya mwisho ya kupanda huku kwetu imeondoka saa nne na dakika sita. Unalala kwenye benchi la stesheni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Jumla mpya: saa thelathini na dakika hamsini. Siku moja imepasuka, Chizuru, kwa saa sita na dakika hamsini.

Mama sijamwambia. Nataka kujua wewe unapanga kufanya nini.

Kaka yako,
Morihiko


Tampere, 14 Aprili 2023

Kaka Mwenyekiti,

Barua yako imenifikia. Imetumia siku tisa njiani, na sijaona ukiikaripia posta.

Nimeisoma mara mbili, ya kwanza nimekaa nikicheka, ya pili nimesimama. Hivi mimi ndiye niliyefunga anga? Wakubwa wanagombana, wanafungiana njia, ndege inalazimika kuzunguka juu ya Ncha ya Kaskazini kusikokuwa na hata mtu wa kupungiwa mkono, na anayeandikiwa barua ya karipio ni Chizuru wa nyumba ya wazee, zamu ya asubuhi. Unauliza ninapanga kufanya nini kama karani wa dirisha namba tatu. Unataka nifanye nini? Nimhamishe Veikko na kazi yake na mama yake nije nikae Okayama mjini nikisubiri kuitwa?

Halafu kuna teksi. Ukikosa treni ya mwisho unapanda teksi. Watu wanafanya hivyo dunia nzima.

Na nieleweshe hili. Anga limefungwa tangu Februari ya mwaka jana. Ni zaidi ya mwaka. Wewe uliyegundua kwamba kipaza sauti kimechelewa kwa sekunde arobaini, ndege imechelewa kwa saa tatu na nusu na hukuona mpaka leo? Ulikuwa wapi?

Sikupanga kukuambia hili lakini umenichokoza. Miaka sita iliyopita Veikko aliitwa kazini Oulu, kaskazini. Mshahara ulikuwa mkubwa, na nyumba ilikuwa na sauna inayotazama bahari. Alifurahi kama mtoto. Mimi nikachukua kalamu, nikaongeza saa nne za treni juu ya zile zako kumi na tisa na dakika arobaini, nikapata saa ishirini na tatu na dakika arobaini. Dakika ishirini tu za akiba. Theluji ikianguka vibaya siku moja, sharti la Mama limevunjika. Nikamwambia Veikko hapana. Hakuuliza mara ya pili, na hilo ndilo lililoniuma. Unaona? Wewe ulichora mara moja ukaenda kula. Mimi nimeishi ndani ya mchoro wako.

Basi usinihesabie. Utanitumia salamu za Mama mwenyewe, au bado unaziandika wewe kwa niaba yake? "Hajambo, anakula." Hata mbwa huandikiwa zaidi ya hapo.

Ningepiga simu ya video, lakini wewe hukaa ukinionyesha paji la uso na dari.

Msalimie wifi.

Chizuru


Minokura, 25 Aprili 2023

Kwako Chizuru,

Teksi haimo kwenye ratiba. Kitu kisichokuwa na saa ya kuondoka hakiwezi kuchorwa, na kisichochorwa mimi sikitegemei.

Nimemwandikia mkuu wa uwanja wa ndege kurasa nne, pamoja na mchoro, kumwonyesha kwamba wangeitanguliza ndege kwa dakika kumi na nne tu, abiria wa milimani wangewahi treni ya mwisho. Nimejibiwa. Wanashukuru kwa maoni yangu yenye thamani, na wameambatanisha ndege ya karatasi ya kukata na kukunja, ya watoto wa umri wa miaka minne hadi saba. Setsuko ameikunja, ameiweka juu ya friji. Bawa moja limelala. Sina la kuongeza.

Hilo la Oulu sikulijua. Ungeniambia.

Umeuliza nilikuwa wapi mwaka mzima. Nilikuwa hapa hapa. Mtu mstaafu ana shughuli nyingi.

Na kwa kuwa umesema nisihesabu, nitahesabu mara moja zaidi kisha ninyamaze. Kutoka kwako hadi kwenye nyumba ya wazee ni dakika saba za baiskeli, uliniandikia mwenyewe. Mama za watu unawafikia kwa dakika saba, unawaogesha, unawachana nywele, wanakuita kwa jina. Mama yako ni saa thelathini na dakika hamsini. Mimi nimeandika tarakimu tu. Tarakimu hazina hasira.

Mama anakusalimu. Anauliza kama huko bado kuna barafu. Hiyo ni salamu yake mwenyewe, sikuongeza kitu.

Morihiko


Tampere, 9 Mei 2023

Morihiko,

Sikuiti Kaka leo.

Barua yako ya tarakimu ilifika Ijumaa. Nilitaka kuijibu kwa ukurasa mmoja, maneno mabaya tu. Nikajizuia, nikasema huyu ni mtu anayeandikia viwanja vya ndege na kujibiwa kwa ndege za karatasi, nimwache.

Leo umefika mzigo wa wifi. Mwani mkavu, chai, zile soksi za vidole ambazo Veikko anazipenda. Na ndani yake kijikaratasi kwa mkono wake, nanakili: "Mama sasa anamaliza bakuli zima la wali, tofauti na alipotoka hospitalini, hata uji akiukataa."

Hospitali gani?

Nimempigia. Maskini alijua tayari kwamba amekosea, akawa analia kabla sijauliza. Amesema yote. Nimonia, moyo dhaifu, siku kumi na moja, kuanzia Jumanne tarehe ishirini na moja Februari. Daktari alisema watu waitwe. Aliyesema hivyo ni daktari, wala si jirani au mganga wa redioni. Na wewe hukuniita.

Nimechukua kalamu, maana wewe unaelewa kalamu tu. Kutoka tarehe ishirini na moja Februari hadi leo ni siku sabini na saba. Ndege imeongeza saa tatu na nusu. Treni ya mwisho ikinikimbia, usiku mmoja wa benchi. Wewe umeongeza siku sabini na saba. Ukiiweka kwenye karatasi yako, mstari wangu haulali tu, unatoka nje ya karatasi, unatoka nje ya meza, unapita mlangoni.

Umeniandikia kurasa nzima kwamba nitachelewa, na huku umeifungia filimbi ya kuondokea mfukoni mwako. Umeniandikia kuhusu mama za watu. Unajua tunafanya nini hapa mzee akizidiwa? Tunampigia mtoto wake. Mara nyingine mtoto yuko Australia. Tunampigia. Hatumpigii hesabu kwanza kama atawahi. Tunampigia kwa sababu ni wake. Nimewapigia mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu, watoto wa watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mimi sikupigiwa.

Nimekata tiketi. Natua Osaka Ijumaa tarehe tisa Juni. Usije kunipokea. Nitapanda teksi.

Chizuru


Minokura, 18 Mei 2023

Kwako Chizuru,

Kweli alilazwa. Amepona. Ni Mama mwenyewe aliyenikataza kukuambia. Alisema una kazi, usisumbuliwe, na mimi ni mtoto ninayemtii mama yangu.

Teksi kutoka Okayama usiku inapita njia ya milimani yenye kona mia na kumi. Angalau kaa kiti cha nyuma, upande wa kushoto.

Morihiko


Minokura, 27 Mei 2023

Chizuru mwanangu,

Naandika kwa mkono wangu na mkono unatetemeka. Soma polepole kama nilivyoandika polepole.

Setsuko amenisomea barua zenu zote, zako na nakala za zake, maana Morihiko huweka nakala ya kila kitu. Tumezisoma alipokwenda kwenye kikao cha kipaza sauti. Kikao kilikuwa kirefu, tukamaliza zote na mandazi ya maharage mawili mawili.

Nimekasirika. Mnanigombea kama mzigo uliochelewa posta, na mwenye mzigo hajaulizwa.

Kaka yako anasema nilimkataza kukuita. Nilikuwa na mpira wa hewa kinywani mpaka kooni. Ningemkataza kwa kutumia nini? Kwa nyusi?

Na lile sharti la siku moja, nikueleze leo kwa kuwa nina miaka themanini na minne na sina wa kumwogopa. Sikuliweka kwa busara. Nilikuwa na hasira kwamba unaniacha, nikatafuta sababu ya kumkataa yule mrefu wako bila kuonekana mbaya. Nikasema siku moja nikijua haiwezekani. Morihiko akaja na karatasi yake, inawezekana, mpaka dakika. Ningesema nini? Nikapiga muhuri. Nilikuwa nasaga meno.

Yule mrefu ni mtu mwema. Mwambie nimesema.

Kaka yako usimkate kichwa. Kuna jambo linamkaa kooni tangu Februari. Anazunguka nalo nyumba nzima, anafungua friji na kuifunga. Atakuambia mwenyewe akiweza. Mimi sitamsemea.

Ukija uje na ule mkate mweusi mgumu. Meno ninayo manne na yote yanautaka.

Mama


Minokura, 19 Juni 2023

Kwako Chizuru, mdogo wangu,

Natumaini umefika salama na Veikko amekupokea. Mkate mweusi umebaki robo. Mama anaukata kwa kisu cha samaki na hataki msaada.

Siku nane ulizokaa hapa hukunisemesha zaidi ya "nipitishie mchuzi wa soya," nami nikaupitisha kila mara kwa mikono miwili kama ninakabidhi cheti. Sikulalamika. Nilikusikia ukicheka bafuni na Mama ukimwosha mgongo, nikaenda kusimama nje kwenye mabanda ya kuni ili nisionekane nasikiliza. Setsuko akanikuta huko, akanipa kikapu akaniambia kama nasimama basi nibebe kuni.

Asubuhi ya kuondoka, kwenye jukwaa la stesheni, uliniuliza swali moja. Kwa nini hukunipigia? Nami nikaanza kukuambia kwamba treni yako leo ina mabehewa mawili badala ya matatu. Ulinitazama mpaka mlango ukafungwa.

Jana nilimwambia Mama. Sasa nakuambia wewe. Haya ndiyo yaliyotokea, kwa mpangilio, bila kuruka.

Jioni ile ya mwaka 2001 ulikaa jikoni na koti lako mwilini kama mgeni anayengoja kuambiwa aondoke. Mama alikuwa amesema siku moja. Mimi nilikuwa nimeshaomba ratiba ya ndege kutoka kwa mtu wa tiketi, ninayo mkononi, na ilikuwa imeandikwa wazi: majira ya baridi ndege ilikuwa inaruka Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Siku tatu kwa wiki. Mtu akiitwa Jumamosi jioni, ndege imeshaondoka, anakaa mpaka Jumatatu kabla hajaondoka hata hatua moja. Kila mchora ratiba anajua kwamba safari inaanza kuhesabiwa pale mtu anapoanza kungoja. Hilo ndilo somo la siku ya kwanza kazini. Nilimfundisha kila kijana aliyekuja baada yangu.

Nikauacha muda wa kungoja nje ya mchoro. Nikaanza na dakika kumi na nane za kufunga mkoba, nikajidai mwaminifu kwa kuhesabu hata machozi yako. Nilikuona na lile koti, nikajua Mama akikataa utamsikiliza, utalivua, utabaki hapa na mimi ukihesabu matikiti dukani kwa mjomba. Nikasema mstari mmoja wa uongo, mara moja katika maisha yangu, nani atapanda treni hiyo? Ilikuwa zawadi yangu ya harusi. Sikujua kwamba utaipanda kila siku. Sikujua habari ya Oulu. Ulipoandika hilo la dakika ishirini za akiba, nilifunga barua nikaifungua tena siku ya tatu. Hamkuwa na dakika ishirini, Chizuru. Hamkuwa na chochote tangu mwanzo. Mngekwenda tu mkaitazame bahari.

Sasa Februari. Jumanne tarehe ishirini na moja Mama aliamka hana sauti na midomo imebadilika rangi. Saa tisa alasiri daktari, kijana mwenye adabu, alinitoa nje ya chumba akaniambia kama kuna wa kuitwa waitwe, huenda asiipite kesho jioni. Nikakaa kwenye benchi la ukumbini. Watu wengine hulia. Mimi nilitoa kalamu. Nikampigia binti wa tiketi, ndipo nikasikia mara ya kwanza habari ya saa kumi na tatu. Sikuwa nimeifuatilia mwaka mzima kwa sababu nilikuwa naogopa kuigusa ile karatasi. Na akaongeza, kwa sauti yake tamu, kwamba ndege inayofuata kutoka Helsinki ni ya Alhamisi. Ungefika mlangoni Jumamosi asubuhi. Kwa hiyo hata hizo saa thelathini na dakika hamsini nilizokuandikia Aprili kwa hasira ni uongo. Niliuacha tena muda wa kungoja nje. Mkono umezoea.

Mama hakunikataza. Hilo umeshajua.

Nilijiambia nakuhurumia. Nikasema nikimwita, atakaa siku mbili akitembea chumbani, saa kumi na tatu angani hajui kitu, ashuke apewe habari na mtumishi wa uwanja mwenye kofia. Nikisubiri, atalala usingizi wake. Ni sababu nzuri, na nilikuwa tayari kukupa hiyo pale jukwaani, ndiyo maana nikazungumzia mabehewa. Ila si kweli. Mama alikuwa na mimi, na Setsuko alikuwepo. Hakuwa peke yake. Nilichoogopa ni kwamba utaambiwa ndege ni ya Alhamisi, utauliza kwa nini Alhamisi, na utajua ni nani aliyechora.

Na nilipiga. Hili hakuna anayelijua isipokuwa Mama tangu jana. Saa kumi na dakika kumi alasiri, kwenu saa tatu na dakika kumi asubuhi. Nilitumia simu ya ukumbini ya hospitali na si yangu, yaani kabla sijabonyeza namba nilikuwa nimeshajiachia mlango wa kutokea. Ulipokea. Ulitaja jina lako kama wanavyofanya huko, na nyuma yako kulikuwa na bibi anacheka, nawe ulikuwa na kicheko chake bado mdomoni. Ukasema haloo. Ukasema tena. Nikakata.

Nikarudi chumbani. Mama alifumbua macho, akanitazama, akatazama nyuma yangu. Nikamwambia, "Chizuru yuko njiani."

Aliitikia kwa macho. Jumatano jioni ikapita. Alhamisi ikapita. Daktari alisema haelewi, moyo ule unashikiliwa na nini. Jumamosi asubuhi walimtoa mpira. Aliomba maji, kisha chenza, kisha akageuza kichwa akautazama mlango kwa muda mrefu, akaniuliza uko wapi.

Nikamwambia umechelewa.

Kaka yako,
Morihiko